Kibla ya Fundi Hamimu

Buyenzi, Bujumbura
14 Machi 1965

Mwanangu Massoudi,

Salamu za Mola zikufikie huko Misri, na zikukute umeketi juu ya kitabu. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limejitangazia uhuru na halinitii tena. Dada yako Waridi amejifungua mtoto wa kike Ijumaa iliyopita, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaitisha ugali na samaki mukeke. Mtoto tumempa jina la marehemu mama yako. Meza yangu ya vitambaa iko pale pale sokoni Jabe, wateja ni wale wale, na wasichana wangu wa chuo wameshafika juzuu ya tatu.

Sasa lililonikalisha niandike. Ziwa lilipanda mwaka jana tukadhani limekasirika tu, litapoa. Halikupoa. Limeingia kwenye mashamba ya mpunga ya Buterere, likaupita mpunga, na wiki hii limefika kwenye kizingiti cha chumba cha sala alichokijenga babu yako, Fundi Hamimu. Unakijua, ndani yake ulijifunza kusujudu, na siku ya kwanza ulishikwa na usingizi katika sijda tukakungoja mpaka uamke. Kuta za udongo zinayeyuka kama sukari guru. Mihrabu peke yake, pale anaposimama imamu kuelekea kibla, haijali. Mawe sitini na tatu ya mto, kila moja limechongwa likae na mwenzake, hakuna saruji, hakuna chuma, hakuna boriti juu ya tao. Nilipofika Jumatatu maji yalikuwa yametulia mbele yake, na tao lilikuwa limekamilika duara, nusu jiwe, nusu kivuli cha majini. Nilisimama pale nikasahau nilichoendea.

Mzee Akilimali, msimamizi wa wakfu wetu, anasema tuache maji yachukue yake. Anataka kujenga chumba kipya Kamenge kwa matofali ya beto, saruji tupu, na mihrabu ichorwe ukutani kwa rangi ya kijani. Ichorwe, Massoudi, kama tangazo la sabuni. Nikamwambia nitaihamisha mihrabu ya Baba, jiwe kwa jiwe. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema, "Asiya, we unataka kubeba ukuta mugongoni kama mutoto?" Nikamjibu kwamba wanaume wa mji huu nimewabeba miaka ishirini, ukuta ni mwepesi.

Na kama hilo halitoshi, Mwalimu Anselme, yule Mkongomani jirani yetu, ameniletea gazeti la Kifaransa lenye picha za rangi. Limeandika kwamba mapiramidi ya huko uliko hayakujengwa na wenyeji. Waliyajenga watu waliopotea, au walioshuka kutoka kwenye nyota. Na kuta za mawe za kusini, kule kwa Washona, nazo hazikujengwa na Washona. Nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nieleze wewe msomi: kwa nini anayejenga Ulaya anaitwa mjenzi, na anayejenga Afrika anaitwa fumbo? Baba yangu alikuwa na patasi mbili na uzi wa timazi. Siku moja na yeye atapewa nyota yake, na jina lake litafutwa kwa heshima kubwa.

Nakutuma mambo mawili. Waulize walimu wako wa Azhar kama mihrabu inaruhusiwa kuhamishwa. Pili, nenda ukaangalie wazee wa Misri walifanyaje, uniandikie. Baba hakukosea hata upana wa unyoya, na mimi sitaki kukosea wakati wa kumhamisha.

Shangazi yako,
Asiya binti Hamimu


Misri, 2 Mei 1965

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia ikiwa imechelewa na imelowa pembe moja, nikasema hata karatasi imelia kwa ajili ya Buterere. Nimefurahi kwa mtoto wa Waridi. Mpake mafuta ya nazi miguuni kwa niaba yangu. Mimi ni mzima, jua tu ni kali, na chakula chetu ni kunde za asubuhi, mchana na jioni.

Jibu la kwanza: wenye elimu wanasema wakfu ukiwa katika hatari ya kupotea huhamishiwa mahali utakapofaa watu, nia ikibaki ile ile. Jiwe lenyewe halina utakatifu. Mzee Akilimali hana pa kusimama hapo.

Jibu la pili ni refu, na sijui nianzie wapi. Shangazi, unachotaka kukifanya Buterere kinafanyika hapa, kwa ukubwa ambao ukiusimulia utaitwa mwongo. Huko kusini kabisa, mpakani na Sudani, kuna mahali panaitwa Abu Simbel. Mfalme mmoja wa zamani, miaka elfu tatu na zaidi iliyopita, alichonga hekalu ndani ya mlima. Mlangoni amekaa yeye mwenyewe mara nne, kila sanamu ndefu kuliko mnara wowote uliowahi kuuona. Serikali inajenga bwawa, mto unapanda, na hekalu lingezama. Kwa hiyo wanalikata. Wanalikata vipande kama mkate, kila kipande uzito wa kamiyo kadhaa za mizigo, ili walipandishe juu ya mlima walisimamishe tena.

Nilipata nafasi ya kwenda kutembea huko. Wamemwaga mbele ya hekalu milima ya mchanga ili uso wake usivunjike, na vichwa vya wafalme vimetokeza juu ya mchanga kama watu wanaooga. Kwenye uso wa jiwe hawatumii mashine. Wanakata kwa msumeno wa mkono, kwa sababu ufa ukiwa mpana hautazibika tena bila kuonekana. Msumeno ukifika kwenye tabaka gumu hulia kwa sauti nyembamba, na mkono hufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mchana joto likizidi, kila mtu huacha kazi, na katika ule ukimya mchanga huteremka wenyewe taratibu, na unaapa kwamba mmoja wa wale wafalme amevuta pumzi.

Katika chumba cha ndani kabisa wamekaa wanne gizani. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa kumi, jua la asubuhi linaingia mlangoni, linapita mlima mzima, linawagusa watatu. Wa nne halimgusi. Wenyeji wanasema yeye ndiye giza lenyewe, haamshwi. Mafundi wa zamani walilipimaje jua, bila kioo na bila saa? Najua tu kwamba kwenye kuta kuna alama za patasi, na alama za patasi hazitoki kwenye nyota.

Mwanao,
Massoudi


Buyenzi, 20 Juni 1965

Massoudi,

Wa aleikum salaam. Mtoto ana jino. Waridi anakusalimu. Mvua imekatika lakini maji hayajarudi. Yamekaa Buterere kama mgeni aliyevua viatu.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba mkono hufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Aliyekwenda kutembea hajui ganzi ya kiwiko. Na muhuri wa posta uliopigwa kwenye bahasha si wa Kairo, ni wa Aswan. Nimekulea tangu una miaka minne, nikakufundisha herufi kwenye ubao huu huu ulio mbele yangu, halafu unanificha jambo kwa barua ya kurasa tatu? Ungeandika ukurasa mmoja ningedanganyika. Nitangojea uniambie mwenyewe. Sikusihi.

Barua yako niliwasomea barazani. Mwalimu Anselme alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kama ni watu waliojenga, mbona tumesahau namna? Nikamwambia mama yake alijua kufinyanga chungu, yeye hajui, je, mama yake alitoka kwenye nyota gani? Akaomba chai nyingine. Ni mtu mzuri. Gazeti lake nimeliweka chini ya mguu wa meza unaocheza.

Mzee Akilimali hakuridhika. Mbele ya watu wote, baada ya sala ya Ijumaa, ametangaza shauri. Nikiisimamisha ile mihrabu Kamenge bila saruji na ikasimama, atatoa ruhusa chumba kipya kijengwe kuizunguka, na yeye atasali safu ya mbele. Ikianguka, au nikishindwa kabla ya mvua za masika yajayo, itachorwa ya rangi, na mawe ya Baba yatakwenda kwenye msingi wa choo. Alisema choo, Massoudi, na watu wakacheka.

Kwa hiyo sitaki tena habari za wafalme kuvuta pumzi. Nataka kujua jiwe linatolewaje.

Asiya


Abu Simbel, 9 Agosti 1965

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Angalia mahali nilipoandikia na utaona sijifichi tena. Niliacha Azhar mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Walituleta kusini wanafunzi thelathini kutazama hekalu, siku mbili tu. Wenzangu waliporudi kwenye meli ya mto mimi nilibaki nimekaa kwenye jiwe. Nilisikia msumeno wa kwanza wa majaribio, nikamkumbuka Babu na sauti ya patasi yake uani, sauti ambayo sidhani nimeisikia kweli, maana alikufa nikiwa mdogo. Nikaomba kazi. Nakata na Waitaliano wanaojua marumaru, na Wasaidi wa hapa Misri ya juu wanaoimba wakikata. Naheshimiwa. Naona aibu. Yote mawili.

Sasa kazi. Kabla hujagusa kitu, chora mihrabu yote kwenye karatasi, mbele na pembeni. Kila jiwe lipe namba, na namba iandikwe nyuma ya jiwe, upande usioonekana. Sisi hapa tunafanya hivyo hivyo. Kisha mwite seremala apime tao kwa ndani, atengeneze tao la mbao linalokaa sawasawa chini ya lile la mawe. Libane kwa kabari. Hapo ndipo unaweza kuanza juu, kwenye jiwe la kati. Tao ni watu wanaoegemeana, Shangazi. Ukimwondoa mmoja bila kuwashika wengine, wanaanguka wote na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Kusimamisha ni kinyume chake: tao la mbao kwanza, mawe kutoka chini pande zote mbili kwa pamoja, la kati mwisho, lipigwe kwa nyundo ya mti. Kisha kabari zitolewe kidogo kidogo, kwa siku tatu, ili mawe yajuane tena.

Jambo moja zaidi. Hapa kuna wapimaji ambao hawafanyi kazi nyingine ila kuhakikisha kwamba hekalu likisimama juu litatazama pale pale lilipotazama chini, ili jua liingie kama zamani. Nimewaona wanarudia pembe moja wiki nzima. Nikiwatazama huwa nafikiria ile mihrabu yetu, na upande wa kibla, na

Nitaandika siku nyingine. Winchi imeita.

Mwanao,
Massoudi


Buyenzi, 28 Novemba 1965

Massoudi,

Salaam. Barua hii imechelewa. Mambo ya Oktoba, ule usiku wa bunduki, sitayaandika. Barua hupita mikono mingi kabla ya kufika. Sisi wa nyumba hii tuko. Hilo ndilo nililotaka ulijue.

Kuhusu Azhar, nilikaa siku nne bila kumjibu mtu salamu. Siku ya tano nikakumbuka kwamba Baba naye alitumwa Ujiji kuuza nguo, akaishia kuwa mwashi. Hasira nimeiweka pembeni, sijaitupa.

Mihrabu imeshuka. Nimempata fundi, anaitwa Bahizire, Mshi wa Bukavu aliyekimbia vita, Mkatoliki mwenye msalaba shingoni, mkono wake mwepesi kama wa mkunga. Watu wakasema Mkristo hawezi kugusa mihrabu. Nikawauliza huko Misri hekalu la kipagani linakatwa na mikono ya dini gani, nikamkabidhi kazi. Bahizire mwenyewe aliniambia, "Mama, jiwe haliulizi ubatizo." Tulifanya kama ulivyosema. Maji yalikuwa magotini. Jiwe la kati lilipotoka, mawe yote yalishuka juu ya tao la mbao kwa pamoja, unene wa kucha tu, na yakatoa sauti ndogo. Bahizire akajifanyia alama yake ya msalaba, mimi nikasoma Fatiha, tukaangaliana, tukaendelea.

Sasa mawe yako nyumbani kwangu. Mengine chini ya kitanda, mengine ukumbini, manne makubwa jikoni, na Waridi anamwekea mtoto mto katikati yake. Yanapoa mapema jioni kisha yanarudisha joto pole pole. Nimezoea. Nikisinzia mchana baada ya sokoni huota kwamba nimelala ndani ya tao, na mtu anapita upande wa pili akigonga kila jiwe kwa kidole na kutaja namba yake, na sauti ni ya Baba, na kila akifika kwenye la sitini na tatu anaanza upya.

Kiwanja cha Kamenge kiko tayari. Kabla hatujabomoa, nilivuta uzi kwenye mstari wa mihrabu, na Mwalimu Anselme akaja na busole, ile dira ya shule, akasoma: kaskazini tupu, bila kupinda. Nikawatangazia watu kwamba tutaiweka vile vile, sindano juu ya mstari. Nikasema babu zetu hawakuwa na busole na busole imekuja kuwasalimia. Mzee Akilimali alitikisa kichwa kwa heshima, mara ya kwanza mwaka huu. Bahizire ameshamwaga msingi.

Lakini wewe ulianza sentensi ukaikata katikati. Winchi haikati sentensi ya mtu niliyemfundisha kuandika. Kibla ina nini?

Asiya


Abu Simbel, 20 Januari 1966

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto sasa atakuwa anatambaa kati ya mawe. Mimi ni mzima. Nyuso za wafalme zimeshaondoka. Niliiona moja ikipanda hewani, imefungwa kamba, jicho lake kubwa kuliko mlango, na kivuli chake kikapita juu yetu sote tuliokuwa chini. Ilikuwa kama kumwona mzee anaamka, anatazama pande zote, anaondoka bila kuaga.

Nimeiandika barua hii mara sita.

Mwaka wangu wa pili Azhar, mwalimu wetu wa falaki, elimu ya nyota, alitufundisha kuhesabu kibla. Kila mwanafunzi alipewa mji wake. Mimi nikahesabu Bujumbura. Nikapata kwamba anayesimama Bujumbura hatakiwi kutazama kaskazini tupu. Anatakiwa kugeuka kulia. Nyoosha mkono mbele, ufungue kiganja: shubiri moja nzima kutoka kaskazini, na kidogo zaidi. Nikadhani nimekosea. Nikarudia mara tatu. Nikahesabu na miji ya wenzangu, yote ikawa sahihi. Kisha, kwa shingo upande, nikahesabu Pangani, alikozaliwa Babu. Pangani Makka iko kaskazini tupu, karibu bila kupinda hata kidogo.

Umeshaelewa, Shangazi. Babu hakupima Buterere. Alitoka Pangani kijana, akatembea miezi mpaka Ujiji, akapanda na ziwa mpaka kwetu, na kila alipotua aligeukia upande ule ule aliougeukia akiwa na baba yake. Alikwenda mbali magharibi, lakini kibla aliibeba kama mtu anayebeba ufunguo wa nyumba aliyoihama. Si yeye peke yake. Wapwani wote waliokuja bara walifanya hivyo, naamini, na hakuna aliyewaambia.

Hii ndiyo sababu niliacha Azhar. Ile ya msumeno ni kweli, lakini ilikuja baadaye, ikanipa pa kujificha. Nilijiona narudi nyumbani na kilemba, nasimama ndani ya chumba cha Babu, watu wote wamenitazama, wewe umekaa nyuma ya pazia umefurahi, na neno langu la kwanza la elimu liwe kwamba yeye alikosea. Nikaona ni heri niwe mkata mawe.

Walimu walisema, na hili si langu, kwamba aliyejitahidi kutafuta kibla akakosea, sala yake ni sahihi. Zilizopita zimepita salama. Lakini aliyeambiwa, ameambiwa.

Nimekuambia.

Massoudi


Buyenzi, 27 Februari 1966

Massoudi,

Barua yako nimeipata. Sina la kusema. Mtoto ni mzima.

Asiya


Buyenzi, 24 Aprili 1966

Mwanangu Massoudi,

Salaam aleikum. Mtoto anatembea. Waridi ana mimba nyingine na amekataa kutabiriwa. Goti langu limesalimu amri. Nina mengi, kaa chini.

Wiki tatu sikumwambia mtu. Nilikwenda sokoni, nikafundisha, nikarudi nikakaa katikati ya mawe. Nilikuwa nakutafutia makosa. Nilimpa Mwalimu Anselme hesabu yako bila kumwambia ni ya nini, akaifanya kwenye ubao wa darasa lake la sita, akaniletea jibu lile lile, na kwa mara ya kwanza nilimchukia. Kisha nikaanza kutafuta namna ya kuichoma barua yako. Msingi umeshamwagwa, nikajiambia. Watu wameshaambiwa. Mvua ziko karibu, na Mzee Akilimali anahesabu siku. Nani atajua? Mimi, niliyepigana na gazeti zima kwa sababu liliwaibia wafu kazi yao, nilikuwa najiandaa kuwaficha walio hai njia yao. Nilifika mpaka nikaishika njiti ya kiberiti.

Kilichonizuia si ucha Mungu, nisikudanganye. Ni hasira. Nilifikiria yule mwandishi wa gazeti. Anasema waliojenga mambo makubwa hawakuwa watu kama sisi. Na mimi nilikuwa nasema nini? Kwamba Baba hakukosea hata unyoya. Basi mimi na yeye tulikuwa tunasema jambo moja. Yeye anampa Baba nyota, mimi nampa Baba mabawa, na sote wawili tunamwondoa duniani. Aliyeijenga ile mihrabu alikuwa mtu. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, alitembea kwa miguu, hakuwa na mtu wa kumuuliza, alimkumbuka baba yake, akageuka. Jini asingekosea shubiri nzima. Shubiri ile ndiyo sahihi yake.

Ijumaa ya pili ya Machi nilimwomba imamu nafasi baada ya sala. Nilisimama mlangoni, upande wetu wanawake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, unanijua, yakanitoka manne tu. Nikasema, "Baba yangu Hamimu alikosea." Kisha nikaeleza Pangani, na shubiri, na kwamba hesabu ni yako. Nilimwona Mzee Akilimali anainuka. Nikajua sasa ndiyo choo. Alisali nyuma ya Baba tangu ndevu zake ni nyeusi.

Akaja mpaka mbele yangu akauliza, sauti ndogo, "Na sala zetu, Asiya? Miaka yote ile. Zimekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Zimekwenda kwa Aliyejua nia yako. We ulidhani zinakwenda kwa posta?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alinyoosha mkono wake mbele, akafungua kiganja, akapima shubiri hewani. Kisha akauliza kama nilitaka kuiacha mihrabu au kuigeuza. Nikasema kuigeuza. Akasema, "Basi geuza. Lakini ni ile ile ya mawe. Rangi sitaki tena."

Bahizire ndiye aliyekasirika. "Mama, mi nimemwaga musingi tayari. Huyu Mungu wenu hakuweza kusema mbele?" Tukauvunja msingi. Mzee Akilimali alileta nyundo yake mwenyewe. Siku kumi na moja tulivunja na kumwaga upya, mvua ikitutazama kwa karibu. Mawe yalitoka nyumbani kwangu moja moja, kwa mkokoteni, na kila lililotoka nyumba ilizidi kuwa na mwangwi. La kati lilipigwa kwa nyundo ya mti Jumanne. Kabari zikatolewa kwa siku tatu, kama ulivyosema. Ya mwisho ilipotoka, mbao zikashuka zenyewe, na tao likatoa sauti ya mtu anayejigeuza usingizini akapata ubavu mzuri. Likasimama. Bahizire akakaa chini kwenye tope akavua kofia.

Kuta za chumba zinapanda sasa. Mzee Akilimali husali pale hata kabla ya paa, safu ya mbele, peke yake kama hakuna mwingine. Baadhi ya watu hawaji. Wanasema mtoto wa kike amemwaibisha baba yake. Waseme.

Jana nilikwenda Buterere. Maji yamefunika sakafu mpaka kwenye goti, na ule ukuta wa kaskazini haupo tena. Niliingia polepole, nimeshika viatu. Nikasimama mahali alipokuwa anasimama Baba, nikatazama kule alikotazama. Hakukuwa na kitu. Maji, majani ya mpunga yaliyokufa, ndege mweupe mmoja, na mbali ukungu wa mto Rusizi ambao hauna mwisho wala mwanzo. Nilisimama mpaka miguu ikaacha kuhisi baridi. Nikaona nilivyokuwa sijui. Siku zote nilidhani alikuwa anatutazamisha Makka. Kumbe alikuwa anatazama vile walivyotazama kwao, mara tano kwa siku, na hakuwahi kututajia hata mara moja kwamba alipakumbuka.

Sikumwombea msamaha. Nilimwombea tu, nikatoka.

Sasa wewe. Aibu yako nimeisoma, na naona ilikuwa ya kijinga, na ninaielewa kwa sababu nilikuwa nayo wiki tatu nzima. Hapa tuna wengi wa kutusifu, Massoudi, na gazeti la Ulaya lina wengi wa kututukana. Anayeweza kutuonyesha tulipokosea, na hesabu mkononi, tunaye mmoja, na yuko mpakani mwa Sudani anakata mawe. Maliza jiwe lako; kazi hiyo ina heshima na usiiache nusu. Kisha rudi darasani. Kisha rudi nyumbani, uje na kilemba ama bila kilemba. Na utakapoona tena kwamba nimekosea, usingoje barua ya tatu.

Shangazi yako,
Asiya binti Hamimu, mwashi wa Pangani